Jibu: Meno mapya ya mashine ya kusagia, espreso inatoka mbio

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba tangu ufunge meno mapya bapa (zile sahani mbili zenye makali zinazosaga kahawa) ya kipenyo cha milimita 64, espreso, ile kahawa nzito ya kukamuliwa kwa mashine, inamalizika haraka mno, kwa sekunde 12 hata ukisaga laini kabisa.

Kabla ya kuyalaumu meno, chomoa waya wa umeme, yafungue na ukague mahali yanapokalia. Nilipopatwa na tatizo hilohilo, chanzo kilikuwa ukoko mwembamba wa unga wa kahawa uliogandamana chini ya jino la juu, ambao sikuugundua mpaka nilipopitisha ukucha. Usafishe kwa brashi kavu, kisha kaza skrubu zote kidogo kidogo kwa zamu.

Halafu paka wino wa kalamu ya ubao kwenye ukingo wa jino moja, funga, na uzungushe kwa mkono huku ukiyasogeza meno mpaka yagusane kwa mbali. Wino ukifutika upande mmoja tu, yamekaa mshazari. Kipande cha karatasi ya alumini, kikiwekwa chini ya upande ambao wino umebaki, huyasawazisha, na kazi hii inastahili subira yako yote.

Alama za zamani kwenye pete ya kurekebishia hazikufai tena, hivyo tafuta upya sifuri, yaani mahali meno yanapoanza kugusana.