Jibu: Kazi ya kiwandani kwa waliookolewa

Ndugu yangu, umeuliza kama kumpatia kazi ya kiwandani mtu aliyeokolewa mikononi mwa wasafirishaji haramu wa binadamu kunamwinua kweli, au ni kumtoa kifungo kimoja na kumtia kingine. Mimi naona inaweza kumsaidia, mradi mlango wa kutokea uwe wazi.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa. Vimo kuzuiliwa mshahara, kunyang'anywa hati za utambulisho, kufungwa kwa deni na kufanyishwa saa za ziada kupita kiasi. Yote hayo yanaweza kutokea hata kwenye kiwanda kinachosifiwa kwa kuwasaidia wanyonge. Nyumba ya hifadhi inayomwambia mwanamke ashone au aondoke imemnyima uamuzi, na uamuzi ndio alioporwa tangu mwanzo.

Halafu kuna kiwewe. Msimamizi anayefoka, mlango wenye kufuli, zamu ya usiku: mambo hayo yanaweza kumrudisha kulekule. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, katika ibara ya 6 inataja misaada kwa waathirika: makazi, ushauri nasaha na matibabu, pamoja na ajira, elimu na mafunzo. Wengi wanarukia ajira tu, na hilo linaniumiza sana.

Lakini mshahara ulio mkononi mwake mwenyewe ni nguvu kubwa. Asiye na kipato ni rahisi kurubuniwa tena na madalali walewale. Kwa hiyo waulize wenye mradi: akiacha kazi leo, kesho bado atakuwa na pa kulala?