Kuchagua Shokapu za Pikapu ya Zamani: Anza na Springi

Shokapu za kwanza nilizoinunulia pikapu yangu zilikuwa ngumu kuliko zote zilizokuwa dukani, na nilizichagua kwa sababu hiyo hiyo. Gari lilikuwa limevuka miaka 20, nyuma limelala, na kila nilipopita tuta nikiwa na mzigo nilisikia chuma kikigonga chuma. Nilijiambia kwamba kifaa kigumu kingelinyanyua na kumaliza kelele. Baada ya kuzifunga, sehemu ya nyuma ilibaki imelala vile vile, kelele ikapungua kidogo tu, na gari likiwa tupu kwenye barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati, upande wa nyuma ulianza kurukaruka na kuhamia pembeni hata kwenye kona ndogo. Fedha ilikwisha kutoka, na tatizo la awali lilikuwa bado lipo.

Kosa langu lilikuwa kutotofautisha kazi ya springi na kazi ya shokapu, ambayo wengine huiita shokomzoba. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu haibebi kitu cha maana. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya kubonyezwa. Ndani yake mna pistoni inayosukumwa kwenye oili, na oili hiyo hulazimika kupenya kwenye vali zenye matundu madogo, hivyo nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto na kupotelea hewani kupitia ganda la nje. Shokapu zenye gesi hulisukuma gari juu kidogo, lakini kiasi hicho ni kidogo mno kuweza kuinua springi iliyochoka. Pikapu iliyolala, kwa hiyo, inaomba springi, hata kama fundi wa kwanza utakayekutana naye ataonyesha kidole kwenye shokapu.

Ndiyo maana sasa humshauri kila anayeniuliza aanze na futi ya kupimia kabla ya kufungua katalogi. Egesha gari tupu mahali pa tambarare, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Ukikuta upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, chunguza springi za bamba, zile za vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ukitafuta kipande kilichopasuka, bolti za umbo la U zilizolegea, na bushi, zile raba za kwenye maungio, zilizokwisha kwenye ncha zake. Tazama pia nafasi iliyopo kati ya ekseli na ile raba iliyofungwa chini ya chasisi ili kuzuia vyuma kugongana. Kwangu nafasi hiyo ilikuwa karibu imekwisha, na huko ndiko kelele ilikotoka. Springi zikitengenezwa, urefu wa gari kutoka chini hubadilika, na urefu wa shokapu inayohitajika hubadilika nao. Anayenunua shokapu kwanza hununua kwa vipimo vya gari ambalo hatakuwa nalo tena.

Kuhusu kujua kama shokapu za zamani zimekufa kweli, kile kipimo maarufu cha kulibonyeza gari kwa mikono na kuhesabu linadunda mara ngapi hakinishawishi kwenye pikapu. Mabamba ya springi husuguana yenyewe na kutuliza mdundo, hivyo gari linaweza kutulia vizuri ilhali shokapu haifanyi lolote. Mimi huamini dalili tatu. Ya kwanza ni oili inayotiririka kwenye ganda. Unyevu mwembamba karibu na sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, si jambo la kutisha, ila oili iliyoshuka hadi chini na kukusanya vumbi ni hukumu. Ya pili ni tairi inayolika kwa mabonde mabonde kuizunguka. Ya tatu ni joto: baada ya mwendo wa nusu saa kwenye barabara mbovu, simamisha gari na usogeze kiganja kwa tahadhari karibu na kila shokapu. Inayofanya kazi itakuwa na joto, na ile iliyobaki baridi wakati wenzake wamechemka imekwisha kustaafu. Watengenezaji kadhaa hupendekeza zibadilishwe baada ya takribani kilomita 80,000, lakini kwa gari la barabara za vumbi mimi hutazama dalili kuliko mita. Zibadilishe mbili mbili kwa kila ekseli, maana shokapu moja mpya kando ya moja mbovu hulifanya gari livute upande.

Swali linalofuata ni la uzito, na hapa ndipo wengi hujidanganya kama nilivyojidanganya. Tunanunua shokapu kwa ajili ya siku ile moja tutakayopakia saruji hadi juu, kisha tunaliendesha gari tupu mwaka mzima. Springi inapobonyezwa huhifadhi nguvu, na inapojiachia hurusha mwili wa gari juu. Kwa hiyo shokapu nyingi hutengenezwa ziwe ngumu zaidi zinaponyooka kuliko zinapobonyea. Ukifunga iliyopangwa kwa mzigo mkubwa kwenye gari tupu, gurudumu hucheleweshwa kurudi chini baada ya kila kijibonde, na tairi ambalo halijagusa ardhi halishiki breki wala kona. Maandishi makubwa kwenye boksi yanayotangaza kwamba bidhaa ni ya kazi nzito hayaelezi nzito kwa kiasi gani. Andika unabeba kilo ngapi katika siku nyingi za wiki, kisha uchague kwa uzito huo, na siku ya mzigo mkubwa punguza mwendo.

Zipo aina mbili utakazokutana nazo mara nyingi. Ya mirija miwili ina mrija wa ndani ambamo pistoni husafiri, na wa nje unaohifadhi oili ya ziada. Ni laini, ni ya bei nafuu, na ganda lake likigongwa na jiwe huendelea kufanya kazi, ila ikipigwa muda mrefu kwenye makunyanzi ya barabara oili yake hupata moto na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Matoleo yake yenye gesi ya shinikizo dogo hupunguza povu hilo. Ya mrija mmoja huwa na naitrojeni ya shinikizo kubwa iliyotengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea, na kwa kuwa oili inagusana na ganda lenyewe, joto hutoka haraka. Hata hivyo, ganda likibonyea kwa jiwe, pistoni yaweza kukwama. Kampuni ya Bilstein ilijijengea jina kwa aina hii, na kampuni ya KYB hutengeneza zote mbili. Kwa pikapu tupu inayozunguka mjini sioni sababu ya kulipia mrija mmoja; kwa safari ndefu za vumbi na mzigo, naiona.

Urefu ndio unaovunja vitu. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, nilipima umbali kati ya sehemu za kufungia shokapu ya nyuma, juu na chini, nikapata sentimita 45. Nafasi hadi kwenye raba, baada ya kutengeneza springi, ilikuwa sentimita 8, na raba yenyewe hubonyea sentimita 2 au 3 inapogongwa. Shokapu ilitakiwa basi iweze kujifunga, yaani kubonyea, hadi urefu wa sentimita 34. Niliyopendekezewa ilijifunga hadi 36, tofauti ambayo mwuzaji aliipuuza kwa kicheko, lakini maana yake ni kwamba shokapu ingefika mwisho kabla ya raba kumaliza kazi, na kishikizo cha chasisi kingepokea pigo lote. Kisha pandisha chasisi kwa jeki, uiweke juu ya stendi imara, acha ekseli ining'inie na upime tena ili kujua urefu wa kunyooka, huku ukiangalia mpira wa breki usivutike. Ikiwa gari lilinyanyuliwa na mmiliki aliyekutangulia, namba ya katalogi ya modeli hiyo haikuhusu tena. Kagua vishikizo vyenyewe pia, kama ni jicho lenye bushi au fimbo yenye nati na washa, na kama shokapu moja ya nyuma imefungwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi.

Zile shokapu za kujazwa upepo ili kuinua mzigo sizipendi kwa gari la zamani. Zinahamishia uzito kwenye vishikizo ambavyo havikutengenezwa kuubeba, na kutu ya miaka 20 haivumilii mzaha.

Wakati wa kufunga, nati zilizoshikwa na kutu zipake mafuta ya kulegeza tangu usiku uliotangulia. Fundi mmoja aliwahi kutaka kuzilegeza zangu kwa moto wa gesi, nikamzuia, kwa kuwa shokapu yenye gesi ikichomwa inaweza kulipuka. Ile mpya ya mirija miwili isimamishe wima na uivute na kuisukuma mara nne au tano ili hewa itoke. Mkanda unaoifunga yenye gesi usiukate mpaka ncha moja iwe imekwisha kushikiliwa. Fimbo yake usiibane kwa koleo, maana mkwaruzo mdogo tu huila sili. Bolti za majicho zikaze kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo bushi zitabaki zimejipinda na kuchanika mapema. Baada ya kilomita mia chache rudi chini ya gari na spana. Mara ya mwisho mimi nilikuta nati mbili zimelegea.