Nzi wa embe: mtazame bawa

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nina miembe ya dodo na bolibo huku Muheza. Msimu huu embe linaiva vizuri kwa nje, ukipasua ni funza watupu. Jirani anasema ni nzi walewale wa enzi za wazee, mwanangu anasema ni wageni kutoka Asia. Nimenasa vinzi kwenye embe zilizooza, vidogo, macho mekundu, viko kichupani. Nitajuaje?
Mama mkulima, Muheza

JIBU: Marahaba, mama. Vya kichupani vimwage. Hivyo ndivyo vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni. Vimefuata uozo, mharibifu alishaondoka zamani. Funza nao hawasemi kitu: wa mwenyeji na wa mgeni, kwa macho yetu, ni walewale.

Basi wafuge. Tia mchanga wenye unyevu kidogo kwenye ndoo, weka juu yake embe lenye funza, funga mdomo kwa kipande cha chandarua. Funza watashuka mchangani na kugeuka vijidude vya kahawia kama punje za ngano. Baada ya wiki mbili tatu nzi watatoka. Tafadhali usiwaue siku hiyohiyo! Nzi mpya amepauka, rangi haijakolea. Waache siku chache na pamba iliyolowa maji ya sukari.

Hapo mtazame bawa. La mgeni ni jeupe kama kioo, lina ufito mwembamba mweusi ukingo wa mbele. La mwenyeji wetu wa embe lina mabaka ya njano na kahawia. Kisha geukia mgongo: mgeni ana mistari miwili ya njano, mmoja kila upande, na juu ya tumbo alama nyeusi ya herufi T. Ukiona mstari wa tatu wa njano katikati, huyo ni wa matango na matikiti. Ila rangi ya mgongo wenyewe usiitegemee. Mgeni huyuhuyu huwa mwekundu wa kahawia, mwingine mweusi tititi, na watu hubishana bure kwamba ni wawili.

Mwanao ana hoja. Mgeni alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, na kwetu Tanzania mwaka huohuo. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina jipya, Bactrocera invadens. 2015 wakakubaliana kuwa ni Bactrocera dorsalis, yule wa Asia. Lakini na jirani asichekwe, maana shamba moja laweza kuwa na wote wawili.

Mgeni ana ndugu wanaofanana naye mno, kwa hiyo picha ya simu haitoshi. Watie nzi wachache kwenye spiriti, andika tunda, kijiji na tarehe, mpelekee ofisa kilimo wa kata awafikishe Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Embe zilizoanguka usizingojeshe majibu: chimba shimo la nusu mita, uzifukie leo.