Re: Mgeni wangu anataka kuwinda nyati Selous, aje na bunduki yake ya .308?

Mkuu, .308 (kipenyo cha risasi kwa inchi) kwa swala sawa, ila kwa nyati ni kujitafutia kesi na kaburi. Kwa nyati, simba na tembo, kanuni zinataka kuanzia .375. Bunduki aiombee kibali cha muda kabla hajapanda ndege, na namba ya kwenye chuma ilingane na ya kwenye karatasi. Tarakimu moja ikikosewa, mtalala uwanjani.

Kuwinda peke yake asahau. Anaingia kupitia kampuni yenye kitalu (eneo la uwindaji), akiwa na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Huyo askari ndiye anayejaza kibali cha uwindaji kila mnyama akianguka, na aliyejeruhiwa akatoroka naye huhesabiwa. Usiku hakuna kuwinda, wala kufyatua ukiwa garini. Msimu hufunguliwa Julai 1.

Halafu mavazi. Mabaka ya kijeshi ayaache kwao, raia hapa haruhusiwi kuyavaa. Bluu na nyeusi pia hapana: mbung'o wanazipenda rangi hizo, na wanang'ata mpaka kupenya shati. Kaki iliyopauka inatosha.

Buti azivae kwao mwezi mzima kwanza. Nyati hufuatwa kwa miguu, mara nyingi tangu alfajiri hadi jua la utosi.