Mzee wa kisukari anayepepesuka akisimama: angalieni na mapigo, siyo presha tu

Mkuu, umesema mzee wako ana kisukari cha miaka mingi, usiku akiamka kwenda msalani anaona giza na kupepesuka, halafu kliniki wanasema presha iko sawa. Mimi ni muuguzi. Swali langu la kwanza: walimpima akiwa amekaa? Basi hilo tatizo lenu halijapimwa bado.

Mtu akisimama, damu kama mililita 500 hadi 800 huteremkia miguuni na tumboni, na inayorudi moyoni hupungua papo hapo. Kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingo, chini ya taya, na kwenye aota (mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni) juu ya moyo, kuna ncha za neva zinazohisi mshipa umetanuka kiasi gani. Presha ikishuka, kutanuka kunapungua, shina la ubongo linapata habari, na kabla hujapiga hatua ya pili neva za simpathetiki (zile za kuuamsha mwili) zimeshabana mishipa ya damu na kuharakisha moyo. Wakati huohuo neva ya vagasi, ile inayopunguza kasi ya moyo, inaachia breki. Hiyo breki si ndogo: moyo usio na neva hupiga takriban mara 100 kwa dakika, na ukiona 70 ujue vagasi inaushikilia. Ndiyo maana waliopandikizwa moyo mapigo yao hukaa juu hata wakipumzika.

Sasa kisukari huharibu neva hizi kama kinavyoharibu za miguu. Ganzi ya nyayo kila mtu anaijua, hii hawaambiwi.

Mlazeni dakika 5, pimeni presha na mapigo. Asimame, mtu awe karibu naye, pimeni tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mmeshalipata tatizo. Hapo tazameni mapigo. Yakiwa yamepanda sana, neva zinajitahidi, ila huenda maji au damu ni pungufu: kuhara, kutapika, choo cheusi. Presha ikitoka 140 hadi 105 na mapigo yakabaki 82 kwa 84, neva ndizo za kushukiwa, isipokuwa kama anameza dawa za kupunguza mapigo kama atenololi. Mashine inaonyesha mapigo kila mara, na kwenye mafaili mengi ninayoyashika hakuna aliyeyaandika! Hili linanikera kweli.

Bebeni na vidonge vyake vyote mwende kwa daktari. Dawa za tezi dume kama prazosini, na za kukojoza, huangusha sana wazee. Msimwachishe wenyewe.

Kwa sasa akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, akaze mapaja na kuchezesha nyayo, ndipo asimame akishika kitu. Kopo la kukojolea liwe karibu (najua wazee wetu hawalitaki, mbembelezeni), na taa iwashwe.

Yule mchangiaji wa juu aliyeshauri chumvi nyingi, hapana. Neva zikiharibika, presha hiyohiyo inayoanguka akisimama huweza kupanda sana akilala, na chumvi itaizidisha. Akipimwa amelala mtaona wenyewe, na daktari ndiye ataamua.