Saratani "imehamia" au "imeenea" kwenye tezi?

Swali: Baba yangu anaugua saratani ya mapafu. Ripoti ya daktari imeandikwa kwa Kifaransa, nami nikaieleza familia hapa Kadutu hivi: "Saratani imehamia kwenye tezi." Baba mdogo akamshukuru Mungu kwamba mapafu yamepona. Shangazi akauliza kama ni ugonjwa wa shingo. Nilikosea wapi? (Binti wa Bukavu)

Jibu: Pole sana, binti yangu, Mungu ampe mzee nafuu. Baba yako mdogo alisikia vizuri kabisa. Kitenzi ndicho kilichompotosha. Anayehama Kadutu kwenda Bagira huiacha nyumba ya Kadutu. Saratani haihami hivyo. Uvimbe hubaki pafuni, ila baadhi ya seli zake hubanduka, zikapenya kwenye vijishipa vya limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayobeba seli za kinga, zikachukuliwa na majimaji hayo mpaka kwenye tezi zinazoyachuja. Hunasa humo, na zisipouawa na kinga ya mwili huanza kuzaana. Kwa hiyo sema "imeenea hadi kwenye tezi". Kinachoenea hufika pengine bila kuondoka kilipoanzia. "Imesambaa" si kosa, lakini mimi silipendi pale ripoti inapotaja tezi tu, maana anayelisikia hudhani mwili mzima umeshikwa.

Shangazi naye ana haki. Neno "tezi" likisimama peke yake, wengi hufikiria rovu, ule uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa iodini, na sisi wa Ziwa Kivu tunaujua sana, hasa kisiwani Idjwi. Wanaume nao hukumbuka tezi dume. Ongeza "za limfu", kisha utaje mahali: ndani ya pafu na kwenye shina lake, ambako seli hizo mara nyingi hufika kwanza, katikati ya kifua, baina ya mapafu mawili, au juu ya mtulinga. Usiliache hilo, kwani daktari hupanga matibabu kwa kuangalia ni tezi zipi zimefikiwa. "Mitoki" iache, kwa wengi ni uvimbe wa kinenani.

Wala usiseme mzee sasa ana "saratani ya tezi". Seli zilizomo kwenye tezi zilitoka pafuni, na hutibiwa kama saratani ya mapafu. Kama ripoti inataja kifua, waambie nyumbani: "Saratani ya mapafu ya baba imeenea hadi kwenye tezi za limfu za kifuani."