Usimeze hivyo vidonge vilivyobaki, mkojo ukaoteshwe kwanza

Mkuu, weka chini hiyo sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin). Unasema UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, imerudi, una nusu dozi iliyobaki ya mara ile, na unauliza umalizie hiyo au ununue amoksilini. Nimeshtuka kusoma, maana njia hiyo hiyo ndiyo iliyonilaza wodini na dripu mkononi.

Aliyenipeleka huko ni muuza dawa aliyejifanya daktari. Hakuuliza nimewahi kutumia nini, wala maabara hakuitaja. Kila nikirudi ananibadilishia antibiotiki, "hii ina nguvu zaidi." Napata nafuu kidogo, kisha mkojo unaanza kuunguza upya. Mwisho wake ikawa homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu: maambukizi yameshapanda kwenye figo. Hapo ndipo mkojo wangu ulipooteshwa kwa mara ya kwanza, yaani maabara walikuza bakteria waliomo ili kuwapima kwa dawa, na bakteria akaonekana sugu kwa kila dawa niliyouziwa. Hasira haijaniisha hadi leo, kwa sababu kipimo hicho hicho kingeweza kufanyika mwanzoni kabisa.

Sipro hushika vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za mwili, ambavyo bakteria hutegemea kunyoosha DNA yake anapojigawa. Kimeng'enya kikibadilika kidogo tu, dawa haikishiki tena. Bakteria wengine huitoa nje kwa pampu. Wanyonge wanakufa, sugu wanabaki na nafasi yote, na E. coli akiwa mahali panapomfaa hujigawa kila dakika 20 hivi. Sasa wewe unataka kumrudishia dawa ile ile, tena nusu!

Amoksilini nayo, ambayo ni ya jamii ya penisilini, huzuia bakteria kujenga ukuta wake, lakini wengi wana kimeng'enya kinachoivunja. Jambo hilo ni la zamani: watafiti Abraham na Chain waliripoti kimeng'enya cha kuvunja penisilini mwaka 1940, dawa yenyewe ikiwa bado haijasambaa. Tena bakteria hupeana jeni za usugu, hata wasio wa jamii moja, kwa hiyo unaweza kubeba usugu wa dawa ambayo hujawahi kuimeza. Hapo utabahatisha nini?

Nenda kesho asubuhi. Kojoa kidogo kwanza, kisha kinga mkojo wa katikati kwenye chombo cha maabara, ukiwa hujagusa antibiotiki yoyote. Wataotesha bakteria kwenye sahani, waweke vipande vya karatasi vyenye dawa mbalimbali, waone ni dawa ipi inawazuia kuota. Majibu huchukua siku 2 au 3. Daktari akikuanzishia dawa wakati unasubiri, kunywa, ilimradi sampuli imeshatoka, na majibu yakija mrudie aone kama inafaa kubadilishwa. Ila ukianza homa, kutapika au maumivu ya ubavu, usingoje kesho. Nenda hospitali usiku huo huo.